Ukuta wa Ehrlich, Ukuta wa Carothers

Kuna mtihani ambao dawa nyingi za sonona zimepitia kabla ya kumfikia binadamu yeyote. Panya hutiwa ndani ya mtungi wa kioo uliojaa maji, mrefu kiasi kwamba hawezi kupanda juu wala kugusa chini. Mwanzoni anapambana. Anaogelea, anakwaruza kioo, anatafuta mlango. Halafu inafika dakika anaacha. Anaelea tu, pua nje ya maji. Mtafiti ana saa mkononi, anahesabu sekunde ambazo panya amekaa bila kupambana. Ukimpa dawa ya sonona, huchelewa kuacha. Mtihani huu ulitangazwa mwaka 1977 na Roger Porsolt na wenzake, na unatumika mpaka leo ingawa siku hizi wako wanasayansi wanaoulaumu.

Niliyasoma haya nikiwa Kitale, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, miezi michache baada ya kuacha chuo. Nilikuwa nimesoma kemia miaka miwili na nusu. Sikufukuzwa, sikuanguka mtihani. Niliacha tu kuamka. Kwa hiyo nilipofika kwa yule panya sikuhitaji maelezo mengi. Mtungi huo naujua.

Makala yenyewe ilikuwa ya watafiti wa chuo cha Jamia Hamdard, Delhi, na ilitoka mwaka 2014. Walichukua venlafaksini, dawa ya sonona ambayo tayari iko madukani, wakaifungia ndani ya chembe ndogo mno zilizotengenezwa kwa aljineti, ute unaotolewa kwenye mwani wa kahawia wa baharini. Kisha wakawatia panya puani. Kwa nini puani? Kwa sababu juu kabisa ya tundu la pua, neva za kunusia zinagusa nje na ndani kwa wakati mmoja. Ni njia ya panya kweli kweli, maana dawa inaweza kuingia ubongoni bila kupita tumboni, bila kuchujwa na ini, bila kuzungushwa mwili mzima. Panya waliopewa chembe hizo walipambana zaidi kwenye mtungi.

Hizi ndizo zinazoitwa chembe-nano. Nanomita moja ni mita ikigawanywa mara bilioni. Unywele wako una unene wa nanomita 80,000 hivi, na chembe za kubebea dawa mara nyingi huwa kati ya 50 na 300. Wazo lenyewe ni rahisi hata mtu aliyeacha chuo analielewa: dawa isitembee peke yake, iabirishwe.

Nililala na wazo hilo wiki nzima. Nilitaka kujua limetoka wapi, na kwa nini ubongo unahitaji dawa iletwe kwa gari la kukodi wakati mguu na tumbo zinaridhika na kidonge cha kawaida. Nikaanza kusoma kurudi nyuma.

Ukirudi nyuma unafika Ujerumani, mwaka 1885. Paul Ehrlich, daktari ambaye naona alipenda rangi kuliko wagonjwa, alikuwa akidunga wanyama rangi za viwandani kwenye damu kisha anawapasua aone zimefika wapi. Ini liligeuka rangi. Figo ziligeuka. Misuli pia. Ubongo ulibaki vile vile, mweupe. Ehrlich alidhani ubongo haushiki rangi tu, basi. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, hakuridhika. Mwaka 1913 aligeuza jaribio: rangi ya buluu akaitia kwenye majimaji yanayouzunguka ubongo badala ya kwenye damu. Safari hii ubongo ukawa wa buluu na mwili uliobaki ukabaki bila rangi. Kumbe ubongo unashika rangi vizuri tu. Kilichokuwa kinazuia ni kitu kilicho katikati.

Ilichukua zaidi ya miaka 50 kukiona kitu chenyewe. Mwaka 1967 Thomas Reese na Morris Karnovsky, wakitumia darubini ya elektroni, waliona kwamba seli zinazotengeneza kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimeshonana. Kwingine mwilini kuna mianya kati ya seli na seli. Ubongoni hakuna. Mishipa hiyo ya mtu mmoja ukiinyoosha inakadiriwa kufika kilomita 600, yaani kutoka Kitale unafika Nairobi na bado una mshipa wa kubakisha, na urefu wote huo ni ukuta.

Si ukuta wa kuzuia kila kitu. Molekuli ndogo zinazopenda mafuta hupenya, na ndiyo maana pombe inakufikia kichwani kabla hujamaliza chupa. Lakini ukutani kuna pampu pia, za protini, na kazi yake ni kama ya makanga mkali: umeshapanda, umeshakaa, anakushika shati anakutoa nje. Baadhi ya dawa za sonona, venlafaksini ikiwa mojawapo, hukutana na makanga huyo. Zinaingia, zinatolewa.

Ndipo anapoingia Jörg Kreuter wa Frankfurt. Mwaka 1995 yeye na wenzake walitangaza kwamba wamepitisha dawa ukutani ndani ya chembe-nano. Dawa hiyo ilikuwa dalajini, ya kutuliza maumivu, ambayo ukiidunga yenyewe kwenye damu haifiki ubongoni. Waliibandika kwenye chembe za plastiki inayoyeyuka mwilini, wakazipaka polisobati 80, kitu ambacho pia hutiwa kwenye aiskrimu ili mafuta na maji yasitengane. Panya wakapashwa joto mkiani. Wale waliodungwa dalajini tupu walitoa mkia mara moja. Wale wa chembe zilizopakwa walichelewa. Dawa ilikuwa imeingia.

Namna inavyoingia ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu chumbani. Chembe ikiwa kwenye damu, ile rangi yake ya nje huvuta protini zinazobeba kolesteroli, nazo zinaivaa chembe kama nguo. Ukuta ukiiangalia unaona mgeni anayejulikana, mbeba mafuta wa kila siku, unammeza na kumpitisha. Mtu wa Bungoma hahitaji kuelezwa zaidi. Chepkube, miaka ya 1970, wakati wa Amin, kahawa ya Uganda ilivuka mpaka usiku hadi usiku na watu wakajenga nyumba za mawe. Magendo ni kujua tu askari amezoea kuona nini.

Na tusidhani ni mambo ya mbali. Kama ulichanjwa Pfizer au Moderna wakati wa korona, umeshabeba chembe-nano za mafuta kwenye bega lako. Zilikuja Kenya mwaka 2021. Ila kwa sonona bado tuko kwa panya. Hakuna kemisti hata moja, Kitale wala London, utakayoingia uuziwe dawa ya sonona iliyobebwa hivyo. Ahadi iko: dozi ndogo, mdomo usiokauka, kutosubiri wiki nne hadi sita ndipo uone tofauti. Nasema kama mtu aliyesubiri wiki hizo. Ziko ndefu.

Hapa ndipo nilipokwama. Kwa sababu kidonge nilichopewa mimi, amitriptilini, kinapenda mafuta na kinavuka ukuta wa Ehrlich bila kusaidiwa na mtu. Hakihitaji nano ndiyo kiingie. Kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1961. Na nyumbani kwetu, kutoka kwa babu yangu ambaye alikaa miaka miwili bila kusema neno na akafa hivyo, mpaka kwangu, hakuna mtu aliyewahi kukimeza. Kama ukuta wa ubongo haukukizuia, nini kilikizuia?

Jibu sikulipata kwenye kemia. Nililipata kwa kukhu, Kimilili.

Nilikuwa nimeenda kukaa kwake wiki mbili kwa sababu mama alichoka kunitazama. Jioni moja mjomba, kwa mzaha ule wa kwetu, akasema mimi nikiendelea hivi nitapelekwa Mathari. Kila Mkenya analijua tusi hilo. Kukhu hakucheka. Akasema, "Mathari walimpeleka Elijah. Na Elijah hakuwa mwendawazimu. Nyamaza."

Elijah ni Elijah Masinde, na kama umekulia upande ule hufafanuliwi. Aliwahi kuwa mchezaji mpira hodari, kisha kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliyewaambia watu warudie imani ya mababu na Wazungu warudi kwao. Alipingana na machifu, alipinga watu kukamatwa kwa kazi za lazima. Serikali ya kikoloni ilimshika, ikamtangaza kuwa hana akili timamu, na mwaka 1945 akapelekwa Hospitali ya Mathari, Nairobi. Alikaa mpaka mwaka 1947. Tarehe 10 Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi wake Malakisi, wakaua watu 11, dini ikapigwa marufuku na Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu. Kitale haikusazwa. Maskwota waliolima mashamba ya walowezi Trans Nzoia walikuwa wafuasi wake wengi, na walowezi walilala macho wakiogopa moto.

Nilipoanza kusoma kuhusu Mathari ya miaka ile, nilikutana na mtu ambaye sikuwahi kumsikia shuleni. Mathari ilianzishwa mwaka 1910 mahali palipokuwa pametengwa kwa wagonjwa wa ndui. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 msimamizi wake alikuwa John Colin Carothers. Alipokabidhiwa hospitali hakuwa amesomea maradhi ya akili. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Masinde alipofungwa pale, aliyekuwa mkubwa wa pale ni huyu.

Carothers aliangalia waliokuwa wakiletwa kwake, akahesabu, akaona wenye sonona miongoni mwa Waafrika ni wachache mno. Ebu tusimame hapo kidogo. Mathari waliletwa akina nani? Waliokamatwa na polisi. Waliorusha mawe, waliovua nguo sokoni, waliomtukana chifu. Mtu wa sonona harushi mawe. Anakaa nyuma ya nyumba akiangalia ukuta, na watu wa kwake wanasema ana mawazo, na hakuna askari anayepoteza petroli kwenda kumchukua. Babu yangu hangefika Mathari hata siku moja. Carothers alihesabu waliopita mlangoni akadhani amehesabu bara zima.

Na hakuishia kuhesabu. Mwaka 1951 aliandika makala juu ya sehemu ya mbele ya ubongo na Mwafrika. Akadai kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo ya ubongo. Aliyepasuliwa! Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika, katika afya na ugonjwa. Hoja yake kuhusu sonona ilikuwa kwamba Mwafrika hajibebeshi lawama, analitupa kosa kwa wachawi na mizimu, na kwa hiyo ile huzuni ya kujichukia hana. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikampa kazi ya kueleza saikolojia ya Mau Mau, na hapo tena akaona ugonjwa ambapo wengine waliona ardhi. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa daktari wa akili, alimjibu kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1961.

Sasa weka tarehe hizi kando ya nyingine. Mwaka 1952, hospitali ya Sea View, Staten Island, New York, ilikuwa imejaa wagonjwa wa kifua kikuu waliokata tamaa. Madaktari Irving Selikoff na Edward Robitzek waliwapa dawa mpya iitwayo iproniazidi, ndugu wa isoniazidi. Watu waliokuwa wakingoja kufa wakaanza kula, kugombana, kucheza dansi kwenye wodi. Picha zao zilitoka magazetini. Kifua kilikuwa bado kibovu na wao walikuwa wanacheza. Miaka michache baadaye, mwaka 1957, Nathan Kline na wenzake wakaitumia makusudi kwa wenye sonona. Mwaka huo huo, Uswisi, Roland Kuhn alitangaza imipramini, akaihutubia Zurich mbele ya watu wasiozidi dazeni moja au zaidi kidogo. Hivyo ndivyo dawa za sonona zilivyozaliwa, moja kwa bahati ya kifua kikuu, nyingine kwa ukumbi mtupu.

Yaani katika miaka ile ile ambayo ulimwengu ulipata kidonge cha kwanza cha sonona, kitabu chenye muhuri wa Geneva kilikuwa kinasema sisi hatuugui sonona. Nani atamnunulia dawa mtu ambaye hana ugonjwa? Nani atamfundisha klinikofisa wa Kimilili kuuliza swali ambalo jibu lake limeshachapishwa kuwa hapana? Kidonge kilikuwa na uwezo wa kuvuka kilomita 600 za mishipa. Kilichoshindwa kuvuka ni sentensi.

Siwezi kusema Carothers peke yake ndiye aliyesababisha babu yangu akose dawa. Umaskini ulikuwepo, umbali ulikuwepo, na sisi wenyewe tuna ukimya wetu. Lakini sentensi ile ilisaidia, na ilidumu.

Kuibomoa kulichukua muda. Raymond Prince, daktari wa Kanada aliyefanya kazi Nigeria, aligundua jambo la kuchekesha katika miaka ya 1960. Kabla ya mwaka 1957, ambao ni mwaka wa uhuru wa Ghana, karibu kila ripoti ilisema sonona ni adimu Afrika. Baada ya hapo ripoti zikaanza kusema ni ya kawaida. Akauliza kama ugonjwa umeongezeka au ni macho ya madaktari yamebadilika. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda, wakawauliza watu maswali yale yale waliyouliziwa watu wa Camberwell, London. Sonona ilikuwa nyingi zaidi Uganda. Mwaka huo huo David Ndetei na J. Muhangi walionyesha kwamba katika kliniki ya mashambani Kenya, kati ya wanaokuja na maumivu ya kawaida ya mwili, wako wenye wasiwasi na sonona. Kichwa kinauma, mgongo unawaka, moyo unadunda, wanapewa panado wanarudi nyumbani. Waafrika walikuwa wamekuja hospitali siku zote. Walikuwa wanalisema kwa mgongo.

Neno lenyewe, sonona, mimi nimelisoma. Sijawahi kulisikia kwenye matatu. Huku tunasema mtu ana mawazo, au moyo umekuwa mzito, na hiyo si kwamba hatuna ugonjwa, ni kwamba tumeuita jina lake la nyumbani. Paul Bolton na wenzake walipokwenda Masaka na Rakai, Uganda, hawakuanza na neno la kitabu. Waliwauliza wanakijiji wao huitaje, wakapewa maneno mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Kujichukia! Kitu kile kile Carothers alichosema hatuna, kina jina kwa Kiganda. Matokeo yao yalitoka mwaka 2003. Vijiji 30, vikundi vinavyokutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa pale pale waliofundishwa. Mwanzoni asilimia 86 ya waliokuwa kwenye vikundi walikuwa na sonona. Mwishoni asilimia 6.5. Kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi, kutoka asilimia 94 ilishuka hadi 54.7 tu. Bila kidonge, bila nano.

Na Bungoma pia iko kwenye vitabu, si kwa Masinde pekee. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shannon Dorsey, Kathryn Whetten na wenzao, uliofanyika Bungoma na Moshi, wa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote na waliokuwa wakisumbuliwa na kiwewe. Waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa kuwakalisha watoto kwa vikundi, kuongea nao na walezi wao, na kuwasaidia kusimulia kilichotokea. Watoto wengi walipata nafuu.

Naandika haya nikijua nayapa nguvu maneno ya wale wanaosema, basi, kama kuongea kunatosha, nano za nini? Sikubaliani nao. Kuongea hakukunitosha mimi. Nilihitaji kidonge kwanza ndipo nikaweza kukaa kwenye kiti nikaongea. Na kidonge kile kilinikausha mdomo mpaka ulimi ukawa kama kipande cha ngozi, kikanilaza saa kumi na nne, na ningefurahi sana kama mtu angenipa robo yake iliyofungwa vizuri ikafika panapohusika tu. Wenye mtungi na panya wanafanya kazi ya maana. Ninachouliza ni nani amewekwa akilini mwao anapofika mwisho wa safari hiyo.

Ndiyo maana nilifurahi kumpata Hulda Swai. Ni profesa Mtanzania. Alifanya kazi miaka mingi kwenye baraza la utafiti wa sayansi na viwanda Pretoria, Afrika Kusini, halafu akarudi Tanzania kwenye taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Yeye na timu yake ya Pretoria walifungia dawa nne za kifua kikuu ndani ya chembe-nano ili zitoke polepole mwilini, wakitafuta siku ambayo mgonjwa hatameza dawa kila asubuhi ila mara moja kwa wiki. Hawakuanza na ukuta wa ubongo. Walianza na mtu anayeacha dawa njiani kwa sababu amechoka, au kliniki iko mbali, au zinamchafua tumbo akiwa hajala. Na moja ya dawa hizo nne ni isoniazidi, ndugu yake ile iliyowafanya wagonjwa wa Staten Island wacheze dansi. Ile molekuli imezunguka dunia miaka 60 ikarudi Afrika ndani ya gari jipya, na dereva wake safari hii anajua barabara zetu zikoje mvua ikinyesha.

Sijui kama sonona itapata Swai wake. Sheria angalau imesogea. Mpaka juzi mtu aliyejaribu kujiua Kenya alikuwa mhalifu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na akipona anatolewa hospitali akiwa na pingu. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kukhu nilipomwelezea aliuliza, "Kwani walikuwa wanamfunga mtu kwa kulia?" Nikasema, karibu hivyo.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, dawa ilikosekana mahali ninapochukulia Kitale. Nikaambiwa nijaribu wiki ijayo. Huwezi kuacha amitriptilini ghafla hivyo, usingizi unakataa na tumbo linageuka, kwa hiyo nikapanda matatu. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, nikabadilisha gari mpaka Bungoma mjini. Nauli ilikuwa ghali kuliko dawa. Kemisti ya tatu ndiyo ilikuwa nazo. Mzee aliyekuwa nyuma ya kaunta alisoma karatasi yangu, akanitazama juu ya miwani. Amitriptilini hupewa pia wazee wenye sukari ambao miguu inawaka moto usiku, na mimi nina miaka 26.

"Hizi ni za nani, kijana? Ni za mzee?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa nikisema ndiyo, ni za kukhu, miguu inamsumbua. Nyuma yangu kulikuwa na mama na mtoto mgongoni na kijana wa boda aliyekuwa akinunua plasta.

"Ni zangu, daktari."

Akahesabu 30, akazitia kwenye bahasha ya khaki, akaandika kwa kalamu: moja, usiku. Akaniuliza kama mdomo unakauka. Nikamwambia unakauka sana. Akasema ninyonye limau.